Kulia na Kushoto

Chumba cha mifupa, Upanga, saa mbili asubuhi.
Feni imekufa tangu Ramadhani.
Naosha pingili kwa mswaki na maji ya sabuni,
naanika moja moja juu ya gazeti la juzi
kama muuza miwa wa Mchikichini apangavyo vipande kwenye sinia,
ila hizi hakuna anayezimezea mate.

Kila pingili ina masikio nyuma,
mawili juu, mawili chini,
yenye nyuso laini, upana wa ukucha wa kidole gumba,
zinazogusana na za jirani
kama viganja vya watu wanaosalimiana wakiwa na haraka.
Kitabuni zimechorwa sawasawa:
ya kulia ni kioo cha ya kushoto.
Miaka kumi na tisa napima,
kioo hicho sijakiona.

Huyu, kwa mfano. Boksi la thelathini na moja.
Uso wa kushoto umegeuka kando, mlango uliorudishwa.
Wa kulia umekaa wazi.
Digrii ishirini na sita. Digrii arobaini na mbili.
Naandika. Napima tena, maana mkono hukosea.
Mfupa haukosei, umeota ulivyoota.

Baba yangu, Chaurembo, alibeba vitunguu Kariakoo
tangu ana miaka kumi na mitatu.
Gunia bega la kulia, siku zote la kulia.
Alipoanza kulalia upande kama nguzo ya umeme Jangwani baada ya mafuriko,
wenzake walisema kajitakia.
Shangazi Sikudhani alisema ana mtu.
Mama hakusema. Alimkanda kwa mafuta ya nyonyo
na chupa ya soda iliyojazwa maji moto,
na baba akiulizwa panauma wapi
alijibu, "Hapa, palipofunguka."

Tulicheka. Palipofunguka!
Tukawa tunalisema hata kwa bati linalovuja.

Halafu zikaja picha, zile za mashine ya duara,
mgongo umekatwa slesi kama boflo.
Daktari Rweyongeza aliniita,
si kama binti wa mgonjwa, kama mtu wa vipimo.
"Ya nne kwa ya tano. Unaona?"
Niliona.
"Alizaliwa hivi?"
"Huenda. Au gunia lilimwahi kabla mifupa haijakomaa.
Anayejua kwa hakika simjui."

Nilipeleka jibu hilo Buguruni, lilivyo, bila kulitia sukari.
Baba alikuwa anamenya chungwa.
"Kwa hiyo pande mbili hazifanani."
Hazifanani.
"Tangu zamani."
Labda tangu zamani.
Akaweka kisu chini, akaanza kuhesabu kwa vidole,
midomo ikicheza.
Nikadhani ni dua.
"Msimamizi wa ghala la Gerezani," akasema,
"alinikata shilingi mia mbili kila wiki
kwa kukataa bega la kushoto.
Aliniita mbishi. Miezi minane.
Piga hesabu wewe uliyesoma."

Nilipiga. Alinirudisha mwanzo mara mbili,
nilisahau wiki ya Idi.

Huyu wa boksi sina jina lake,
wala sijui alibeba nini, au kama alibeba.
Naandika: tofauti, digrii kumi na sita.
Kisha namgeuza,
akauke na upande wa pili.