Chumvi Juu ya Tumbo

Jumanne jioni, theluji imelala juu ya Lodz,
nasi tumelala pia, chali, kwenye mbao za ukumbi wa maktaba,
wanawake tisa na mzee mmoja aliyestaafu posta,
makoti chini ya migongo,
na juu ya kila kitovu mfuko wa chumvi,
kilo moja, ile tunayosindikia matango.

"Leo hakuna kuimba," asema Kajetan.
"Inyanyueni chumvi. Basi."

Ana miaka ishirini na sita huyu mwalimu,
ndevu zake bado zinaomba ruhusa ya kuota.
Mimi nimekula chumvi nyingi kuliko hii aliyonibebesha,
na leo naambiwa sijui kupumua.

Navuta.
Mabega yananikimbilia masikioni.
Chumvi haitikisiki.
"Si huko, Bi Bronislawa. Chini. Chini zaidi.
Hewa haina haja ya kupanda ngazi."

Chini wapi?

Miaka thelathini na moja nilisimama kwenye mashine ya kusokota,
namba kumi na nne, kando ya dirisha lisilofunguka,
pamba ikielea kama theluji iliyokataa kutua.
Siku ya kwanza Genowefa alinifunga kitambaa puani,
akanipigia kelele sikioni, maana pale hata siri ilipigiwa kelele:
"Vuta kidogo, mwanangu! Ya juu juu!
Chini kabisa waachie wenye madirisha!"

Nikashika somo. Nilikuwa mwanafunzi mwema.
Nikawa naonja hewa kwa ncha ya kijiko
kama mtu aonjaye mchuzi wa jirani asiyempenda.
Nikazaa hivyo, mara mbili.
Nikamzika Walenty hivyo.
Kiwanda kikafungwa, mashine zikauzwa chuma chakavu,
Genowefa akaondoka na kikohozi chake,
ukumbi wa kusokotea ukawa duka la viatu,
nami bado naonja.

Kajetan hayajui haya.
Anapita katikati yetu na soksi zenye tundu kidoleni,
anahesabu: vuta kwa nne, tulia,
sasa itoe kwa "sss", birika kabla ya kuchemka,
mpaka kumi na mbili.
Mzee wa posta anaishiwa kwenye saba, anacheka,
mfuko wake unapasuka, sakafu yote inang'aa.
Mimi nafika tano.
Tano! Mwanamke aliyekuwa akipanda ghorofa nne na magunia ya viazi.

Nyumbani natandika blanketi jikoni.
Paka anausukuma mfuko, anaketi mahali pake,
naye ana kilo nne na dharau.
Siku ya sita, au ya saba, nasinzia pale pale,
na kati ya usingizi na kuamka nasikia paka akipanda,
akishuka,
akipanda,
wala mimi sijamwamuru mtu.
Kumbe ndiyo hiyo.
Pumzi na pumziko ni wa tumbo moja,
nami nilimlea mmoja tu, tena kwa kumnyima.

Jumanne iliyofuata Kajetan akaturuhusu sauti moja.
"Aaa" tu, bila maneno, tukiwa tumesimama.
Nikafungua mbavu kama kabati la marehemu,
taratibu, nisiangushe kitu.
Hewa ikashuka. Ikapita kitambaa, ikapita namba kumi na nne,
ikafika mahali ambapo hapakuwa na mtu
tangu nilipokuwa na miaka kumi na saba.

Sauti iliyotoka ilikuwa na kutu. Ilikuwa kubwa.
Mzee wa posta aligeuka kuangalia ni nani.
"Umeumia?" Kajetan akauliza, kuona macho yangu.
Nikamwambia, vumbi.
Akatazama dari, akatazama sakafu iliyopigwa deki, hakuliona.

Nilifika tisa.

Chumvi nimerudi nayo, nimeitia kwenye mtungi
pamoja na bizari, vitunguu saumu na matango madogo ya dukani.
Wanangu wakija Jumapili watakula,
watasema, mama, safari hii yamekolea.
Nami sitasema ilikuwa wapi.