Daftari la Sabol

Ondrej Sabol alifungua duka la kwanza
nyuma ya kiwanda cha chuma, huko Ohio,
mwaka ambao mabenki yalifunga milango.
Pipa la kabichi iliyochacha, soseji zikining'inia,
na chini ya kaunta daftari la jalada kijani:
Bi. Hrinko, mikate miwili, atalipa Ijumaa.
Ijumaa zikapita. Hakumfuta.

Mimi nilimkuta mwanawe, Emil.
Nilikuwa na miaka kumi na saba, aproni ikinipwaya,
na maduka yalikuwa tisa, kisha kumi na tisa,
kisha tukaacha kuhesabu maduka, tukahesabu maegesho.
Ukitoka barabara kuu, taa nyekundu za SABOL
uliziona kabla ya kanisa.

Emil alisema: anayekula, iko siku ataugua.
Tukafungua famasi.
Anayepona atataka kusafiri. Tukauza tikiti za ndege.
Tukauza matairi. Tukauza mashada ya msiba na keki za harusi,
kaunta ileile, msichana yuleyule, glavu zilezile.
Studio ya picha. Ukumbi wa boling. Bima ya meno.
Na mwaka mmoja, Mungu anisamehe kicheko,
tukauza boti
katika mji usio na ziwa.

Tanuri za chuma zilizimwa Jumatatu.
Jumanne wanaume walikuja dukani saa nne asubuhi,
jambo ambalo hatukuwahi kuliona,
wakasukuma matoroli matupu, polepole,
kwa sababu ndani mlikuwa na joto.
Daftari halikuwepo tena la kuwaandika.
Kulikuwa na mashine, na mashine haijui Ijumaa.

Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari.
Yetu ilikuwa na madaftari ghorofa nne nzima,
na wahasibu wenye tai kutoka Cleveland,
ikapotea vilevile,
na habari zote zikatoka gazetini, ukurasa wa tatu.

Boti zilitangulia. Boling ikafuata.
Mjukuu akauza nusu, kisha akauza jina,
kisha akahamia Florida na mgongo wake mbovu.
Kwetu, baridi moja, herufi mbili za mwanzo ziliungua
na hakuna aliyeleta ngazi.
Ikabaki BOL, nyekundu juu ya theluji.
Bi. Hrinko, mkwe wa yule wa mikate,
alisimama chini yake akacheka peke yake.
Kwa Kislovakia, aliniambia, hilo ni neno:
alikuwako.
Akafunga skafu. Na pia, maumivu.

Siku ya mwisho tuliuza rafu zenyewe.
Mteja wangu wa mwisho, Aldo Fusco,
alipekua mifuko yote ya koti, akaona haya.
Nikachana karatasi ya risiti, nikaandika kwa mkono:
Fusco, betri mbili, atalipa Ijumaa.

Ilikuwa Alhamisi. Tukafunga saa kumi na mbili.