Kuponi ya Tatu

Walinipa kuponi tatu na jina jipya: Mbegu.
Mie, ambaye mama amekwisha kunifuta
kwenye hesabu ya sahani za futari,
leo mbegu.

Chumba kina feni inayolalama na kalenda ya mwaka jana.
Bi Zuwena wa utafiti ana kalamu mbili,
moja ya kuandikia,
moja ya kujikunia chini ya mtandio
swali linapomwia zito.
Jina langu halitaki. Ataka nambari na ukweli.
Kwa mwezi uliopita, umejidunga siku ngapi?
Nikamwambia, niulize zile ambazo sikujidunga,
tutamaliza kabla ya adhuhuri.
Akacheka, kisha akainamia karatasi,
akakuta kicheko hakina kisanduku.

Swali la ishirini na sita:
bomba la mwisho ulilotumia,
kabla yako alilitumia nani?

Bi Zuwena, bomba letu lina ukoo.
Lilianza kwa Vuai, fundi wa mapaa,
nyuma ya ukuta wa skuli, Jang'ombe.
Vuai akampa Shaame,
Shaame akalisuuza kwenye kopo la maziwa,
maji ya tangu juzi, yamegeuka rangi ya mkandaa,
akanipa mie,
nami sikumnyima aliyekuja na arosto
meno yakimgongana kama vijiko.
Tumelelewa kwenye sinia moja.
Tumechapwa tukila peke yetu.
Nani alitwambia
kwamba kuna sinia haliliwi pamoja?

Na Mize. Mwandike, lakini kwa hati ndogo.
Siku hana hata mia, hutoa mkono tu.
Shaame hujivuta damu, ingali na moto wa kete,
humpa.
Hatukuwa na jina la jambo hilo.
Tukaliita hisani.

Hapo kalamu ya pili ilikaa kichwani muda mrefu.

Muuguzi alitafuta mshipa, akapapasa kiwiko,
akapapasa kiganja, akaniomba radhi.
Nikamwonyesha mwenyewe: hapa, nyuma ya goti,
ukichelewa unahama.
Alinishukuru kama niliyemwelekeza
nyumba ya shangazi yake.

Kipimo cha kwanza, mstari mmoja.
Virusi vya ukimwi hakuna.
Nikainuka nitoke.
Kaa, akasema. Kipo cha pili.
Mistari miwili, mwembamba na mnene:
homa ya ini.

Miaka sita mama anasema
mwanangu umenikata maini.
Nimerudi Kwahani na karatasi mfukoni
inayosema, na langu.
Sikumwonyesha. Nilikaa kizingitini
nikamsikia akipepeta mchele.

Dawa ipo, alisema Bi Zuwena, wiki kumi na mbili tu.
Ipo wapi?
Akatazama dirisha.

Kuponi ya kwanza nilimpa Vuai.
Ya pili Mize, akaificha ndani ya kiatu,
akaenda siku ya mwisho, amejifunika gubigubi.
Ya tatu ilikuwa ya Shaame.
Nilimkuta kalala tumbo juu, limevimba,
macho manjano ya bizari,
nasi wiki nzima tulidhani ni njaa.
Jumatano wakamwosha
na mifuko ya sukari mikononi,
wawili tu, na haraka.

Niliporudi kwa Bi Zuwena, ukutani
pamebandikwa karatasi pana, duara na mistari.
Hilo la juu ni wewe, akasema. Umeota vizuri.
Chini yangu maduara mawili, chini yao mengine,
watu wa Mpendae, wa Magomeni, hata wa Bububu,
sote tumeshikana kwa wino wa buluu.
Na mstari mmoja uliokatika, hauendi popote.
Na huu?
Huo haikurudi. Kuponi imeshapitwa na tarehe.

Ninayo hapa. Imelowa jasho, nambari bado yasomeka.
Bi Zuwena, nipe kalamu,
siyo hiyo, ile ya kujikunia.
Nishike karatasi isicheze na feni.
Nachora duara tu.
Ndani usitie kitu.