Washa Tatu

Siku ya tatu leo, na mti wa usukani haujaingia.
Nimelala chali chini ya pikapu ya Amimo,
matope ya Luanda yamepenya shati,
Kweyu ananimulikia kwa simu inayokaribia kuzima,
na kila nikisukuma, meno ya shafti
yanagusa mdomo wa boksi, yanakataa,
kama mtoto anayegeuza uso kijiko kikija.

Kila kitu nilikirudisha palipokuwa.
Nilihesabu: bolti nne, nati nne,
kibano, bushi ya nailoni, na washa tatu nene
zilizokuwa zimebanwa juu, chini ya dashibodi.
Nilizisugua kwa petroli, nikazirudisha.
Mimi si fundi wa kubakiza nati kwenye kisahani.

Jana tulilazimisha. Ukaingia.
Usukani ukazunguka nusu, ukasaga, ukakwama.
Tukaung'oa tena.

Basi nikamlaani Otundo,
aliyeligusa gari hili kabla yangu,
mwaka ule wa mvua iliyobeba daraja.
Nani huchonga tundu la ukuta wa injini
likawa yai? Nani huweka washa tatu
mahali kiwanda kiliacha hewa?
Nilisema kwa sauti, ng'ambo ya barabara asikie.
Anauza vipuri siku hizi, mgongo umemkataza kuinama.
Alisikia. Aliendelea kupanga plagi zake.

Saa nane Amimo akaja kuuliza
miti yake ya mikalitusi itafika Kisumu lini.
Akajaribu kuketi, akashuka, akasema, si kwa ubaya:
"Mbona sasa napanda kwa kuruka?
Gari limerefuka."

Limerefuka.

Raba! Wiki iliyopita nilitoa raba za kebini,
zilizokuwa zimelika zikawa chapati za juzi,
nikaweka mpya, nene, nikajipongeza.
Kebini ikapanda inchi nzima.
Boksi likabaki chini, kwenye chesisi, palepale.
Otundo alilikuta gari limezama,
akaupinda usukani ufuate kuzama kwake.
Mimi nimeliinua, kisha nikarudisha dawa
ya ugonjwa niliokwisha kuuponya.

Nikatoa washa moja. Ya pili. Ya tatu.
Kweyu akashika juu, nikashika chini,
hakuna aliyesukuma.
Tk.
Siku tatu, kwa kimlio hicho.

Tumekosea jino moja, najua:
usukani ukinyooka, magurudumu yanatazama Busia.
Hilo ni la kesho.

Jioni nimevuka barabara na washa kiganjani.
Maneno niliyoyapanga yameishia kwenye lami.
Nimeziweka juu ya kaunta, nikaagiza grisi
nisiyoihitaji, kopo kubwa.
Otundo amezifuta kwa pindo la shati, moja moja,
akazidondosha kwenye droo yake.
Hakunirudishia chenji.
Sikuidai.