Moja Isiyoandikwa

Saa mbili usiku, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.
Banda nimeshalifunga, pampu nimeiingiza ndani,
grisi ingali imenipanda mpaka viwikoni,
na Kidawa anasukuma daftari hadi kwenye sahani yangu:
"Baba, kizigeu ni nini?"

Mimi niliishia darasa la saba, mwaka wa mvua nyingi.
Nikala tonge, nikala la pili, nikijipa muda.

"Wewe umeandika nini?"
"Namba inayozidisha kigeu."
"Na kigeu?"
"Herufi. Kitu ambacho hatujakijua."

Basi hicho nakifahamu, mwanangu.
Kesho zitakuja baiskeli ngapi? Sijui.
Jumatatu zilikuja tisa; jana, kwa mvua ile, mbili,
na moja kati ya hizo ilifuata upepo wa bure.
Hiyo ndiyo x yako.
Inalala nje, haiagi, hairudi ilivyoondoka.

Lakini ije baiskeli yoyote,
ya muuza samaki au ya karani wa bandari,
gurudumu la mbele lina spoku thelathini na mbili,
la nyuma arobaini, maana ndilo linalobeba mke na gunia.
Nimezihesabu kwa ukucha miaka kumi na tisa.
Andika 32x. Andika 40x.
Zote ni za x ile ile, zijumlishe bila woga:
72x.
x ikitaka iwe tatu, ikitaka iwe ishirini,
sabini na mbili haibanduki pale mbele.
Haijui nani atakuja. Inajua kila ajaye anadaiwa nini.

"Na pesa?"
Mtoto wa fundi huyu.

Pancha shilingi elfu moja.
Gundi na kiraka mia tatu, hiyo ina alama ya kutoa,
nayo imeng'ang'ania x kama mwenzake:
1000x, toa 300x, zabaki 700x.
Ila kodi ya banda haina x ubavuni.
Elfu mbili na mia moja kwa siku, zije zisije.

Hakushika hata kalamu.
"Kwa hiyo baiskeli tatu ni za mwenye banda," akasema.
"Ya nne ndiyo mchele."

Nikaacha kutafuna.

Kisha akafunua ukurasa wenye wino mwekundu.
Aliandika 1x, Mwalimu Semhando akaikata ile moja.
Si kosa, alimwambia, ipo, ila haiandikwi.
Kidawa amevimba mashavu tangu saa sita mchana:
kama ipo, isiandikwe kwa nini?
Mtu atajuaje kwamba si sifuri?
Sifuri nayo haiandikwi!

Hilo halimo bandani kwangu.
Nina spana za kila namba, ya swali hilo sina.

Akajijibu mwenyewe, polepole, kidole juu ya karatasi:
sifuri ikiondoka, inaondoka na x yake,
hapabaki hata herufi.
Moja ikiondoka,
x inabaki imesimama.

Akachukua sahani, akaenda kuosha.

Tangu tulipomtoa Zaina hospitali ya Bombo
kwa mlango ambao si wa wagonjwa,
kila fomu ya shule ina mstari wa mama,
nami nauacha mtupu,
nikidhani nimejaza sifuri.

Uani maji yanamwagika,
sufuria inagongwa na ukoko kwa hasira ya mtu mzima,
vilevile, mkono ule ule wa kushoto.

Alipolala nikasogeza taa.
Ile moja iliyokatwa
ingali inasomeka chini ya mstari mwekundu.
Nikaifuta mikono yangu mara mbili
kabla ya kuligusa daftari.