Safu ya Mwisho

Bodaboda, Kitangari hadi Mnyambe, kwenda na kurudi: elfu sita.
Sukari robo: mia nane.
Betri za redio yake, jozi moja,
hizo nilitoa mfukoni mwangu, usiziandike.
Posho yangu ya siku unaijua. Umeikata mara mbili.

Zidisha kwa Alhamisi kumi na nane,
zidisha kwa wajane na wagane kumi na wanne.
Jumla utakayoipata nimeipata mimi pia,
nikakesha nayo
kama mgeni asiyesema alichofuata.

Safu ya mwisho umeiandika FAIDA.

Mzee Nampota nilimkuta mwezi wa tatu tangu Somoe azikwe.
Waliokuja matangani walishakula, wakaondoka.
Turubai lilisharudi kwa mwenyewe.
Binti yuko Nanyumbu, mwana yuko Songosongo kwenye gesi,
simu inapigwa Ijumaa, salio likiwepo.
Nikamsomea swali la kwanza kama lilivyo:
katika wiki mbili zilizopita umejihisi mpweke
kamwe, siku chache, siku nyingi, au siku zote?
Akaniuliza yeye:
"Usiku nao ni siku?"

Jibu hilo halikuwa na kisanduku.
Nikatia alama pale kalamu ilipoangukia.

Hakuwahi kupika maishani mwake.
Alijua kipimo kwa kukiona tu, mkono wa Somoe kwenye unga wa makopa:
vikombe viwili.
Basi naye akapima viwili, akasonga, akapakua sahani mbili,
akala moja, ya pili akaifunika.
Asubuhi akawamwagia kuku.
Yeye akakonda, kuku wakanenepa.
Ukiuliza miezi ile nani alinufaika na mradi,
nitakwambia kuku.

Wiki ya tano alinionyesha ndoo.
Huku kwetu juu maji hununuliwa,
naye bado alinunua ndoo mbili,
moja ya kuoga mtu asiyekuwepo.
Sikumkataza. Semina haikutufundisha kukataza,
wala haikutufundisha lingine la kufanya.

Wiki ya tisa hakusema neno.
Tulimenya ming'oko, yeye kisu, mimi kisu.
Ripoti yangu ya siku hiyo unayo:
Mazungumzo, hakuna. Muda, saa mbili. Ming'oko, sufuria moja.
Uliizungushia wino mwekundu.

Wiki ya kumi na tatu redio ilitangaza bei ya korosho
akacheka.
Kicheko cha hasira, lakini meno niliyaona.

Mwisho nikamsomea maswali yale yale.
Tulianza na upweke wa alama kumi na tisa.
Tukamaliza na kumi na nane.
Alama moja, bwana mkaguzi!
Fedha zile zote kwa alama moja,
hata mimi, zingekuwa zangu, ningezifunga kwenye kanga.

Sikulaumu. Kabati la zahanati nimelifungua mwenyewe:
dawa ya presha kopo moja, na buibui.
Ungeniambia chagua, kopo au Alhamisi,
sijui.
Liandike hilo kwa herufi kubwa, SIJUI,
mimi si mtu wa kupamba hesabu.

Ila mradi ulipofungwa nilirudi kuchukua daftari nililosahau.
Nyumba tupu. Jiko la baridi.
Nikamkuta kwa Biti Mkwanda,
yule wa namba kumi na moja kwenye orodha yako,
aliyemaliza eda na bado hajavuka kizingiti.
Yeye nje, juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Bibi ndani, mlango nusu.
Kati yao sahani, kifuniko pembeni.
Nami nikasimama nyuma ya ua, nisikie.

"Umejihisi mpweke," alikuwa anamuuliza,
kwa sauti yangu ile ya ofisini, kituko kitupu,
"kamwe, siku chache, siku nyingi, au siku zote?
Na usiku, mama, uhesabu."

Sikungoja jibu. Halikuwa langu.

Nauli yake: hakuna. Sukari: hakuna.
Kuku wake walinifuata mpaka njia panda,
wamekonda, wana njaa.
Andika hilo.