Mgongo wa Marafa, Wiki ya Kwanza Baada ya Masika

Thoya kanipigia simu kabla ya jogoo wa pili.
"Dada Mbodze, njia ikoje?
Jumamosi yaja shule kutoka Malindi,
watoto arobaini na wawili, mwalimu kashalipa nusu."
Nikamwambia njia haiulizwi kwa simu.
Nikajifunga leso, nikachukua fimbo ya mkone,
nikaenda kuiuliza kwa miguu.

Wageni hucheka wakisikia tunauita mlima.
Kweli, wetu tumepewa kichwa chini:
waanzia kileleni hujatoa hata jasho,
na mwinuko unakungoja wakati wa kurudi.
Lakini mgongo ni mgongo.
Huu wa mashariki mwembamba kama wa punda wa kukodi,
kushoto shimo, kulia shimo,
katikati nafasi ya mtu mmoja na woga wake.

Masika ya mwaka huu hayakunyesha, yalichapa.
Mvua iliyoyalaza mahindi ya Kwekwe
ilipita na hapa, mkononi ina panga.

Hatua ya kumi: mchanga mwekundu, juu umeshika ngozi
kama uji uliosahauliwa sufuriani.
Ukanyage, ngozi yapasuka,
kisigino chazama hadi kifundo.
Hatua ya thelathini: mawe tuliyoyapaka chokaa Disemba
yalikuwa saba.
Nahesabu manne.
La tano naliona kule chini, dogo kama jino la maziwa.
Mawili, Mungu ndiye ajuaye.

Kisha ufa.
Mwaka jana uliingia ukucha.
Februari ukaingia kidole, Thoya akatania,
"Dada, usipoziba ufa utajenga ukuta."
Nizibe kwa udongo gani, Thoya,
ikiwa ukuta wenyewe ndio unaoondoka?
Waliopaita Nyari hawakuwa wakipamba maneno:
pamevunjika penyewe, hapana mkono wa mtu.
Leo unaingia ngumi.
Niliiingiza.
Humo ndani mna baridi, na harufu ya chungu kipya.
Nikautoa mkono upesi
kama niliyeutia mfukoni mwa mwenzangu.

Pembeni, kwato za mbuzi.
Zinakwenda hadi ukingoni, nadhifu, mbili mbili.
Nikatafuta za kurudi.

Sasa niseme lililobaki.
Ile nusu ya mwalimu iliingia kwenye simu yangu,
na kwenye simu haikulala.
Imekuwa sare ya Dama, imekuwa deni la unga,
imekuwa viatu hivi vilivyojaa mchanga.
Nilisimama pale na fimbo yangu
nikiutazama ufa kama mtu anayetazama bei.
Nikajiambia: wakipita mmoja mmoja.
Nikajiambia: watoto ni wepesi.
Nikajiambia: mbuzi naye ni mwepesi.

Nikakata matawi ya mgunga, nikayaburura,
nikaifunga njia kwa miiba kama zizi.
Kiganja kikatoboka mahali pawili.
Nikampigia mwalimu.
"Waje," nikasema, "watasimama huku, penye mwarobaini.
Mgongoni hapitiki mpaka jua la Agosti lipike udongo."
Akanyamaza. Kisha: "Sasa wataona nini?
Ile hadithi ya matajiri waliooga maziwa tumeshawasimulia."
Nikamwambia, "Wa Agosti huona mlima uliokwisha kutulia.
Hawa watauona ukiwa kazini."
Akasema atafikiria.
Ya nusu ya pili hakuitaja, nami sikumkumbusha.

Jua lilikuwa limefika kwenye udongo wa waridi,
upande ule ambao kila mtu hupigia picha.
Sikusikia kitu, naapa,
wala kokoto, wala ndege kushtuka.
Nikageuka tu, kwa mazoea, nikahesabu tena mawe.

Matatu.